G ya Wangari na Mugo

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu haujaondoka Nyeri tangu asubuhi. Nimejaribu kusoma nikaacha, nikalala nikaamka. Sijui niweke wapi mikono yangu.

Tangu nimalize kidato cha nne ninajifunza kazi kwa Bwana Ndirangu, mchapaji wa hapa karibu na soko. Jumamosi ataamua kama nibaki au nirudi kwetu Tetu kuchuma chai.

Sitaki kurudi.

Leo alikuja mama mmoja na kadi ya harusi ya binti yake, Wangari, anayeolewa na Mugo. Kadi za kwanza zilichapwa Murang'a, zikaisha kabla ukoo haujaisha. Alitaka nyingine zinazofanana nazo kabisa. Kwetu ukipewa kadi tofauti unajua ulikumbukwa mwisho, na hilo watu hawalisahau.

Bwana Ndirangu aliitazama kidogo, akavuta droo, akapanga herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, akachapa kadi moja ya kujaribu. "Mapacha hao," akasema. Mama akafurahi.

Mimi nikaona g.

Ile ya Murang'a tumbo lake la chini halijafungwa, limeachwa wazi kama ndoana. Yetu imefungwa mviringo. Nikatazama W. Yao mistari yake inapishana katikati. Yetu inakutana tu. Na majina yote mawili yana g, pale katikati ya kadi.

Shuleni sikuwahi kuinua mkono. Hata nikijua jibu, nilingoja mwingine aseme. Leo hakukuwa na mwingine.

"Hazifanani," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka.

"Ati?"

"Hiyo g, Bwana Ndirangu. Na W."

"Wee! Watu wanakuja harusi kukula ama kusoma g?"

Mama alizipeleka kadi zote mbili mlangoni kwenye mwanga. Akaziweka moja juu ya nyingine. "Huyu msichana iko na macho," akasema. "Na shangazi ya Mugo iko na macho kumshinda. Huyo anaona kiraka hata ndani ya petikoti ya mtu."

Bwana Ndirangu akakiri kwamba herufi kama zile hatuna. Nikadhani mama ataondoka, na kazi yangu iondoke naye.

"Chapa tu," akasema. "Hizi mpya nitapatia dada zangu, nichukue zile za Murang'a nilizowapa nipelekee wakwe. Dada zangu tutagombana, halafu tutakunywa chai."

Tukachapa. Wakati wa kufunga Bwana Ndirangu alinipa kitambaa nipanguse mashine, akatazama kando. Sijui ni hasira au ni uchovu.

Kwa nini nilisema mbele ya mteja? Lakini ningenyamaza, yule mama angeaibika mbele ya wakwe zake, na mimi ningekuwa nimejua.

Akinifukuza Jumamosi, nitaenda. Ila kesho nikiona kosa lingine nitamwita pembeni kwanza.

Halafu nitasema.