Mafuta ya Taa ya Mulemba

Murubona, Kasulu
3 Juni 2025

Mwanangu Winifrida,

Mwakeye. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dodoma, na kwamba vumbi limeacha kukusumbua kifua. Mimi nipo, ingawa si sana. Figo zimechoka na daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi. Mpawenimana, yule jirani aliyemuuguza marehemu mama yako, ndiye anayenipikia uji na kunikaripia nisipoumaliza. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Kwa hiyo naandika.

Ildefonsi, niliyefanya naye kazi ofisi ya mipango Kibondo, ameniambia timu ya mapitio ya matumizi ya serikali inakuja kuangalia zahanati za huku, na kiongozi wake ni wewe. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Utafungua jalada la zahanati ya Mulemba, kule juu ya Busunzu, na utakuta sahihi yangu. Nataka uyasikie kwangu kwanza.

Bajeti tuliandika kwa kunakili ya mwaka uliotangulia. Jokofu la chanjo la Mulemba lilitengewa mafuta ya taa kila mwaka. Mwaka 2013 likaletwa jipya la umeme wa jua. Nilikwenda mara moja, nikaiona paneli juu ya bati kwa macho yangu. Lakini sikuyafuta mafuta, maana tuliambiana kwamba fungu likifutwa halirudi. Fedha zile zikanunua dizeli ya gari la ofisi, hata ya safari za kwenda kukagua. Mapitio yetu yalikuwa na swali moja tu: fedha zimekwisha? Zikiwa zimekwisha, kituo kimefanya vizuri. Miaka mitatu nilijaza fomu ya Mulemba nikiwa mezani Kibondo, nikaandika mafuta yamefika. Nesi wa pale aliomba nyumba miaka yote hiyo, tukamjibu hakuna fungu.

Kisha wakaguzi kutoka nje wakauliza mafuta yako wapi. Nurudini wako, tabibu wa zahanati, akasema hajawahi kuyaona. Wakaniita mimi niliyetia sahihi. Nikasema nilipofika yalikuwepo. Neno hilo tu likamfukuzisha kazi.

Jioni ile ulikuwa unamenya mihogo. Ukaniuliza, "Baba, ni kweli aliyauza?"

Nikakujibu, "Maandishi hayasemi uongo."

Zilibaki wiki tano harusi yenu ifike. Watu walidhani nimemkataa mkwe Mwislamu, nami nikawaacha wadhani hivyo. Ilikuwa aibu ndogo kuliko ile niliyoijua. Uliponiuliza tena kwa simu, miaka minne iliyopita, nilikata.

Nurudini hakuiba kitu. Liandikwe hivyo, na jina langu lisifichwe. Halafu, ukiweza, uje. Chumba chako sijampangisha mtu.

Baba yako,
Tharsisi


Murubona, Kasulu
29 Julai 2025

Mwanangu,

Salamu tena. Uko mzima? Sijui kama barua ya kwanza ilifika. Niliipa basi la Dodoma, na kondakta alikuwa na haraka. Miguu imevimba, sasa ulimwengu wangu ni kitanda na dirisha. Asubuhi ukungu unafunika migomba yote, ukiondoka naitazama njia.

Taarifa ya habari ikianza nakukumbuka ulivyokuwa ukibishana na redio, mama yako akikuambia haikusikii. Kama una matusi ya kunitukana, njoo unitukane hapa nikusikie sauti.

Baba yako,
Tharsisi


Dodoma
11 Agosti 2025

Mzee Tharsisi,

Shikamoo. Natumaini unaendelea na matibabu. Barua zote mbili zimefika.

Kwa kuwa jambo hili linanigusa, nimeomba jalada la Mulemba alishike mwenzangu. Anahitaji maelezo yako kwa maandishi. Fomu imo humu. Tafadhali andika ulichokiona kwa macho tu, na ambacho hukukiona useme hukukiona.

Winifrida,
Kiongozi wa timu ya mapitio


Murubona, Kasulu
30 Agosti 2025

Mwanangu Winifrida,

Marahaba. Hali yangu usiulize sana. Fomu hii hapa. Imenichukua siku nne. Mpawenimana alinishikia ubao, mimi kalamu. Ameniambia mtu wa Mungu haandiki sana hivyo, anatubu tu alale. Nimemwambia toba yangu ina kurasa sita na inahitaji tarehe.

Ni fomu nzuri kuliko zetu. Inauliza kitu kimemfikia nani, na nani alimwona akikipokea. Tungekuwa na swali hilo moja, leo ningekuwa na wajukuu.

Umeniita Mzee. Nimeisoma barua yako mara nyingi, kana kwamba neno lile lingebadilika. Sikudai jingine. Nakuonyesha tu kwamba nimeliona.

Tharsisi


Kibondo
19 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Miguu je? Unamaliza uji?

Tulifika Kibondo Jumatatu. Jana nilipanda Mulemba peke yangu, si kwa kazi. Niliazima ngazi kwa fundi nikaitazama paneli. Ina kutu pembeni na kinyesi cha ndege, lakini jokofu bado linafanya kazi. Mwenzangu amependekeza fungu la mafuta lijenge nyumba ya nesi. Halijapitishwa, lakini limeandikwa, na maelezo yako yameambatishwa. Jina lako halikufichwa.

Leo nimekwenda kwa Nurudini. Ana duka la dawa hapa mjini, na mkewe Asmahani, na watoto watatu. Nilimpa nakala ya karatasi yako. Aliisoma yote amesimama, wateja wanasubiri. Asmahani ndiye aliyelia. Nurudini alicheka, akasema, "Winnie, miaka tisa nimekuwa mwizi wa mafuta ambayo sijawahi hata kuyanusa." Halafu akaikunja akaiweka kwenye droo ya fedha, akahudumia mtu. Nilitaka kukaa. Hapakuwa na kiti changu.

Njiani nimewaza kwamba wewe ulidanganya, lakini mimi niliamini karatasi kuliko mtu niliyemjua. Hilo si lako, Baba. Usiliongeze kwenye fomu.

Barua hii naipa basi la kesho asubuhi. Mimi namalizia kazi Jumamosi, nafika Jumapili baada ya misa. Mwambie Mpawenimana mihogo asimenye, nitamenya mwenyewe. Na ukiwa umelala, wasikuamshe. Nitakaa hapo kitandani.

Mwanao,
Winnie