Nilipoachia Pembe ya Shuka

Jumatano, jioni. Joto limekaza, upepo hamna, na mimi naogopa. Naanza na hilo kabisa ili nisije nikajifanya jasiri huko mbele.

Ninyi mnaosoma humu hamnijui jina wala sura, kwa hiyo nawaambia: nina kifafa. Kazini hawakujua. Mpaka leo mchana.

Nafungasha viungo, hiliki na mdalasini, kwenye karakana ndogo hapa Tanga mjini. Tuko wanawake wanne. Asubuhi umeme ulikatika, mashine za kufungia pakiti zikalala. Dada Zuhura, msimamizi wetu, akampigia tajiri simu, akarudi anacheka: tumepewa ruhusa, tufunge, twende kwao Moa tukatande uduvi. Eti kila siku tunakaa bega kwa bega na hatujawahi kukaa tukacheka kama watu.

Moyo ukanipiga paa! Usiku sikulala kwa joto, na nikikosa usingizi ndipo mambo yangu huharibika. Lakini ningekataaje tena? Harusi ya Rehema, mwenzetu wa kazini, sikwenda. Maulidi kwa Zuhura sikwenda. Wameshanibandika jina, Bibi Udhuru. Leo kichwa, kesho mgeni, keshokutwa mjomba kafariki. Jamani, wajomba nimeshawaua wote, wa kufa sina tena.

Nikapanda nyuma ya kirikuu, kigari cha mizigo, pamoja nao.

Kwa asiyejua kutanda: mnaingia majini mpaka kiunoni, kila mtu na pembe yake ya shuka, mnalizamisha, mnatembea nalo taratibu, kisha mnalinyanyua na uduvi ndani. Mmoja wenu akilegeza, uduvi wote wanatoka. Nilikuwa upande mmoja na Neema, mwenzetu wa nne, binti wa Lushoto ambaye hajawahi kuingia baharini. Kila jani la mwani likimgusa anaita Yesu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilijisahau kabisa.

Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

Pale majini hakuna kinachoungua. Hiyo ndiyo dalili yangu, hunijia kabla ya kuanguka. Wakati mwingine hunipa nafasi ya kukaa chini, wakati mwingine hainipi.

Niseme kweli. Kitu cha kwanza kuogopa hakikuwa kuzama. Niliogopa watajua. Kuna duka nilifanya kazi zamani, nikaanguka mara moja tu, mwenye duka akaniambia kwa upole nikapumzike nyumbani, ataniita. Mpaka leo napumzika. Basi nikawaza ninyamaze tu, huenda itapita.

Haikupita. Nikaachia pembe yangu. "Nina kifafa," nikasema, "naanguka sasa hivi, nitoeni majini!"

Nilizinduka nimelala mchangani, kichwa mapajani kwa Zuhura, mchanga mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimejikojolea. Nashukuru nilishalowa maji ya bahari, ya kwangu hayakuonekana. Neema alikuwa amesimama kule mbali, kajishika mdomo.

Mama yake Zuhura alitupakulia wali na uduvi kwenye sinia moja. Mimi nikajisogeza pembeni. Kwa shangazi aliyenilea nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu, na ilikuwa marufuku kuvichanganya na vya wengine. Zuhura akanivuta mkono mpaka kwenye sinia, akaniambia nile, wali unapoa. Rehema akanisogezea ndimu. Neema akasema ameshiba, na hakuwa amegusa hata tonge moja.

Njia nzima ya kurudi hakunitazama. Na Zuhura, aliponishusha hapa Makorora, aliniambia maneno mawili tu: "Kesho tutaongea."

Nayageuza tangu nifike. Tutaongea nini? Mashine yangu hufunga pakiti kwa moto. Ningekuwa mimi msimamizi, wallahi sijui kama ningemkalisha pale mtu kama mimi. Kodi ya chumba inatoka kwenye hizo pakiti. Nimeshaoga, nimekunywa dawa, chai imenishinda.

Sasa hivi simu imelia, ujumbe kutoka kwa Neema. Sikutaka kuufungua. Nimeufungua hivyo hivyo.

"Dada, nilikudanganya, sikuwa nimeshiba. Niliogopa. Kwetu tulikatazwa kumgusa mtu akianguka, ndiyo maana nikakimbia. Zuhura na Rehema ndio waliokubeba. Nimeshindwa kukutazama kwa aibu. Sasa ukianguka kazini, mimi ndiye niliye karibu yako. Nikufanyeje?"

Nimelia. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata shangazi.

Naogopa bado. Sijui Zuhura ataamua nini kesho. Lakini Neema anasubiri jibu, na nimemwandikia hivi: Zima mashine. Nilaze ubavu. Usinitie kitu mdomoni. Halafu kaa hapo hapo, nikiamka nikuone.