Pole Uliyompa Shemeji Yako

Mpendwa dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepungua. Mimi ni mzima kwa kadiri unavyojua, na unajua kuliko ulivyopaswa kujua. Barua zangu zote huzianza kwa kukupa pole na kazi. Leo neno hilo nimeliruka makusudi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza kusema unanimalizia. Nyumbani hawakukuita Redio bure, wala mimi hawakuniita Bubu kwa kunionea.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema hospitali imekusimamisha kazi kwa kufungua faili la mgonjwa asiye wa wodi yako, na kwamba aliyekuchongea ni yule mama wa dirisha la dawa, ambaye eti ana kijicho na alikuona umekaa kwenye kompyuta. Sasa unataka niandike kwamba nilikupa ruhusa ya kusoma faili langu, niweke tarehe ya nyuma, yaishe. Umeniambia kama mtu anayeniagiza chumvi dukani.

Nisikilize mpaka mwisho, kwa mara moja. Siku ile daktari alipovuta pazia na kuniambia kuwa nina uvimbe na kizazi lazima kitolewe, aliniuliza kama kuna mtu wa kuambiwa. Nikamjibu kwamba mume wangu nitamwambia mwenyewe, na wengine hayawahusu. Akaniambia vyema, hayo ni yangu na hayatatoka mle ndani bila mimi kutaka. Nikamwamini. Wakati wa kutoka nilipita karibu na wodi ya watoto, nikakuona umeinama unambembeleza mtoto wa watu anywe dawa. Nikaona fahari, halafu nikajificha nyuma ya watu. Kumbe na wewe uliniona.

Shemeji yako unamjua. Fundi makochi, maneno machache, lakini miaka yote ametunza juu ya kabati letu kiti kidogo alichokitengeneza kwa mabaki ya kitambaa, cha mtoto atakayekuja. Mtu wa namna hiyo habari hii huwezi kumtupia tu. Nilikuwa natafuta namna. Nilitaka awe amekaa, nimemshika mkono, tuwe wawili.

Wewe ukampigia simu karakanani. Alikuwa anagonga kochi, simu ameibana begani na misumari ameibana midomoni. Ukamwambia pole, shemeji. Akaguna tu, maana mdomo ulikuwa na kazi. Ukaona anajua, au ulipenda kuona hivyo, ukaendelea. Ukamweleza ukubwa wa uvimbe, ukamsihi asiniache, ukamwambia watoto wa kulea wapo tele. Alipowahi kutema misumari akuulize pole ya nini, ulikuwa umeshamaliza yote.

Alirudi nyumbani na vumbi la sponji kichwani. Akaniambia kizazi si kosa langu, lakini anataka kujua yeye ni nani nyumbani kwetu, ikiwa habari za mkewe anazipata kwa kupewa pole na watu. Tangu hapo analala karakanani, kwenye kochi la mteja. Kile kiti kidogo ameondoka nacho.

Mama naye ukamwambia. Juzi alininyang'anya ndoo bombani mbele za watu, eti nisinyanyue kizito, ananitazama tumbo kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Wenye macho wote pale bombani wakaelewa. Nilikuchukia, dada. Nilisimama na mikono mitupu nikakuchukia.

Najua utasema damu ni moja na wewe si mtu baki. Mbele ya faili lile ulikuwa mtu baki. Daktari hana undugu nami hata wa kuombana chumvi, na ndiye aliyefunga mdomo. Sheria yenu inataka anayelifungua faili awe anamtibu mwenye faili, basi. Haijasema kitu juu ya kumpenda. Na unaijua, maana ulitusomea siku uliyokula kiapo, umevaa sare mpya inayokubana, sisi tukakupigia makofi.

Yule mama wa dirisha la dawa mwache. Acha kumnunia na acha kumpakazia kwa mama. Hakukuona, wala hakusema lolote. Aliyekushtaki ni mimi. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya kumbukumbu, nikaomba kujua nani amefungua faili langu, maana mgonjwa ana haki hiyo, wakanionyesha jina lako. Nikaandika malalamiko nikatia sahihi. Sitayafuta. Hiyo karatasi yako ya ruhusa nayo sitaiandika, hata ukimtuma mama aje kulia mlangoni kwangu.

Usidhani nimefurahi. Wanao wanakula kwa kazi hiyo, na sasa hao ndio peke yao watakaoniita mama, ingawa ni mama mdogo. Hilo nililiwaza kalamu ikiwa mkononi, nikatia sahihi hivyo hivyo.

Wasalimie sana, na huyo mwenye kikohozi umfunike kifua. Mtaani wameanza kuniuliza mbona siku hizi huvai sare. Nawajibu kwamba sijui. Habari hiyo ni yako, utaitoa mwenyewe siku ukitaka, na kwa nani ukitaka. Kwangu haitatoka.

Lile neno nililoliruka mwanzoni nalirudisha hapa, ndipo mahali pake. Pole na kazi.

Ni mimi mdogo wako,
Bubu