Chumvi ya Mapema

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kifua hakikubani tena. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo haijatulia.

Leo siku ya kumi na moja hupokei simu yangu. Nilimpigia mtunza stoo wenu, akaniambia u mzima, umesimama hapo pembeni yake, na umemwagiza aniambie hupo. Mkweli mno yule, ipo siku atakuponza.

Ndipo nikampigia mama mdogo, akanieleza. Kumbe lile somo langu la mtandaoni la "Hadithi za Jikoni" wasaidizi wako walilitazama wote, wameizunguka simu moja, na wewe uko nyuma yao umeshika mwiko. Mama, sikujua. Nilisema, "Mama yangu naye, mpishi mkuu wa chuo kizima, miaka thelathini anaamini chumvi ikiwahi, maharage yanagoma kuiva." Halafu nikacheka. Nilicheka vile ninavyocheka tukiwa mezani, nikasahau kwamba mezani huwa tuko wawili na pale tulikuwa watu elfu nane.

Unanijua nikianza kufundisha. Naiegemeza simu kwenye rundo la vitabu, navuta pazia jirani asinione ninavyorukaruka, halafu maneno yanatangulia na mimi nayafuata. Hukukosea kuniita Chiriku, na sasa hata wanafunzi wananiita Mwalimu Chiriku. Yuko fundi seremala mmoja wa miaka sabini na moja, aliyeishia darasa la nne, hajakosa somo hata moja. Yuko binti wa miaka saba ambaye maswali yake yananitoa jasho. Sitaki wajue kwamba mwalimu wao hasemeshwi na mama yake.

Nisamehe. Ila mama, na hapa unisamehe mara ya pili, chumvi haigomeshi maharage.

Mwanao,
Chiriku

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linauma, kifua kimeachia, asante kwa kuuliza. Simu sipokei kwa sababu kwenye simu wewe unaongea na mimi nasikiliza. Kwenye karatasi utanyamaza mpaka nimalize.

Walicheka. Yule wa kukata vitunguu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nikarudi kwenye masufuria yangu nikajifanya sijasikia kitu, lakini iliniuma, Chiriku, usidhani haikuniuma. Tangu siku hiyo nikisema "chumvi bado," wanatazamana. Nimebakiza miezi tisa nistaafu. Nilitaka kutoka kwenye jiko lile nikiwa na heshima yangu.

Na kuna jambo hulijui. Unamkumbuka Mama Pacha, yule msaidizi wangu mpole aliyekushonea kile kitambaa cha meza? Siku ya mahafali, mwaka juzi, maharage ya wageni yalitoka magumu, watu wanatafuna huku wanatazama pembeni. Nikauliza nani kagusa sufuria. Akasema yeye alitia chumvi tangu mwanzo. Nikamfokea mbele ya jiko zima, nikamhamisha kutoka jikoni kwenda kuosha masufuria. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Sasa wewe unakuja kuwaambia watu elfu nane kwamba chumvi haina kosa. Kama haina kosa, mimi nilifanya nini siku ile?

Hebu nijibu swali moja. Ulisema chumvi, nyanya na ndimu zote ni hadithi tu. Umezijaribu? Wewe ambaye mpaka leo huwezi kuchemsha maharage bila kunipigia simu?

Nipe hizo kanuni zako unazowaimbia watu. Nitapima mwenyewe, jikoni kwangu, kwa mkono wangu.

Mama yako

27 Machi

Mama yangu,

Shikamoo tena, na hii ya leo natoa nikiwa nimepiga magoti. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni hata kabla ya kuweka mkoba chini.

Habari ya Mama Pacha sikuijua. Ningeijua nisingetania.

Na umenikamata. Chumvi nilisoma, na nikajaribu mara moja. Nyanya na ndimu sikujaribu. Niliziongeza kwa sababu sentensi ilikuwa inanoga. Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi na sina pa kuuficha uso.

Kanuni ni hizi, ingawa nyingi unazijua kuliko mimi. Maharage yatoke gunia moja, yalowekwe pamoja. Maji sawa, moto sawa, sufuria zinazofanana. Kitu kimoja tu ndicho kitofautiane: moja haina kitu, moja ina chumvi, moja ina nyanya. Usionje wewe, maana wewe tayari una upande. Mpe mtu asiyejua ipi ni ipi, achukue punje kumi kila sufuria, azibonyeze kwa vidole, ahesabu zilizopondeka. Andika kabla hujafurahi. Urudie mara tatu. Na lililo gumu kuliko yote, mama: jibu likija lisilokupendeza, liandike vilevile.

Nikimwambia yule seremala kwamba mpishi anayekaribia miaka sitini anafanya jaribio lake la kwanza atafurahi sana. Lakini sisemi, nimejifunza.

Chiriku wako

20 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, nyanyuka. Sisi huku wazima, gesi ipo, wanafunzi wanakula kama nzige.

Kaa kitako nikusimulie. Nilimchagua mlinzi wa getini awe wa kubonyeza, kwa sababu hana urafiki na mtu yeyote jikoni. Mara ya kwanza alibonyeza punje kumi, akahesabu, kisha akazila, akaendelea kula mpaka nikampokonya kijiko. Mara ya pili nikampa chakula chake kwanza.

Nilipoona majibu ya mara ya kwanza nikasema labda jiko la kushoto lina moto mdogo, maana nalijua lile jiko, lina visa. Kwa hiyo mara ya pili nikazihamisha sufuria, na mara ya tatu nikazihamisha tena. Yule wa vitunguu ndiye aliyekuwa anaangalia saa. Mtunza stoo akawa anaandika kwenye daftari, kwa wino wa bluu, mstari kwa rula. Hakuna anayecheka sasa. Jana walibishana nusu saa kama kifuniko kiwe wazi au kimefungwa, na mimi nikawaacha wabishane, kwa sababu walikuwa wanabishana vizuri.

Sasa sikia. Saa moja na nusu ya moto. Sufuria isiyo na kitu, punje tisa kati ya kumi zilipondeka. Sufuria ya nyanya, tatu. Mara ya pili, mbili. Mara ya tatu, tatu. Nimetia sahihi, mlinzi ametia sahihi.

Nyanya zinagomesha maharage, Mwalimu. Ulidanganya watu elfu nane.

Ya chumvi nitakuandikia siku nyingine, leo nimechoka.

Mama yako, mshindi

3 Mei

Mama mshindi,

Shikamoo. Afya yangu ni njema, kiburi ndicho kinaumwa.

Nilipopata barua yako nilikwenda sokoni siku ileile, nikachemsha, na nyanya zangu zikanigomea kama zako. Nikatafuta sababu. Maharage yanashikiliwa ndani na kitu kama gundi, na maji ya moto ndiyo yanailegeza. Uchachu wa nyanya unaizuia isilegee. Ndimu vilevile. Kwa hiyo hata ndimu nilikosea.

Jumamosi nikavuta pazia, nikaiegemeza simu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha maneno hayakutoka. Nilikaa kimya watu wakaanza kuandika, "Mwalimu, mtandao umekata?" Nikasema, "Haujakata. Naona aibu." Nikawaambia nilisema jambo ambalo sikulipima, na mtu aliyelipima amenionyesha kosa langu. Sikukutaja.

Nilidhani watanikimbia. Seremala aliandika kwamba amekata mbao vibaya mara nyingi maishani, ila hajawahi kumwona mwalimu akisema "nimekosea", na kwamba kama walimu wake wangesema hivyo asingeikimbia shule. Yule binti wa miaka saba akauliza kama anaweza kukosea na yeye. Nikamwambia ndiyo, kila wiki. Wiki hii nimepokea picha za sufuria mia mbili na kumi na nne. Bibi mmoja amepima na wajukuu zake wanne, na wamegombana kuhusu saa.

Nimekuwa nikifundisha miaka mitatu, mama, na somo bora kuliko yote umelifundisha wewe. Nakupenda, nalisema wazi usije ukasema sikusema.

Lakini chumvi je? Mbona hukuniambia?

Mwanao,
Chiriku

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Goti? Barua yangu ya Mei imepita bila jibu na simu inaita mpaka inakata. Mtunza stoo anasema upo, unafanya kazi, husemi na mtu. Safari hii hakunitania.

Kama ni mimi nimekukosea tena, niambie kosa. Kama ni chumvi, basi iache. Sihitaji jibu lake. Nakuhitaji wewe.

Chiriku

3 Julai

Mwanangu,

Marahaba mara zote nilizokuwa nadaiwa. Mimi mzima. Hukunikosea.

Jibu la chumvi nililijua tangu Aprili. Liko kwenye daftari lilelile, mstari uleule wa rula: tisa, kumi, tisa. Sufuria ya chumvi ilipondeka sawasawa na isiyo na kitu, na mara moja ikaishinda. Nilikuandikia ya nyanya kwa sababu ilinipendeza. Ya chumvi nikaifunika. Nilijiambia naisubiri siku nzuri.

Lakini si chumvi tu iliyonifunga mdomo. Ulipoandika kuhusu ile gundi na uchachu wa nyanya, nilikuwa nimekaa stoo, na siku ile ya mahafali ikanirudia yote. Tulichelewa. Wageni walikuwa wameshaingia ukumbini. Nikasema hakuna muda wa kuunga baadaye, nikachukua ndoo ya nyanya zilizosagwa, nikaimimina kwenye sufuria maharage yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kuchemka. Mimi, Chiriku. Kwa mikono yangu hii. Mama Pacha alinitazama, na nilipouliza nani kagusa sufuria alisema ukweli wake. Mimi wangu sikuusema, kwa sababu sikujua kwamba ulikuwa na uzito. Nilimfokea mtu kwa kosa langu mwenyewe.

Mwezi mzima nilipika bila kulala vizuri. Hakuna ambaye angejua. Ungekuwa hukuniandikia lile neno la kuandika hata jibu lisilopendeza, ningelizika pale stoo.

Jumamosi iliyopita nikachukua daftari nikamtafuta. Anapika kwenye shule ya watoto wadogo, jiko dogo lakini safi, vijiko vimepangwa kwa ukubwa. Nikamfungulia ukurasa nikamwachia asome. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Sufuria ya jiko la kushoto uliihamisha?" Nikamwambia niliihamisha mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Unajua aliniambia nini? Lile somo lako lililoniaibisha mimi, yeye alilitazama mara nne. Anasema uliposema chumvi haina kosa, alizima simu akakaa kitandani, akalia, kwa sababu miaka miwili alikuwa ameamini kwamba yeye ndiye aliyeharibu mahafali ya watu. Toka hapo hakosi masomo yako. Wanawe pacha nao wanakaa pembeni yake. Nilipoomba msamaha alisema amenisikia, ila nilimfokea mbele za watu, na yeye haoni kwa nini aombwe radhi faraghani.

Alikuwa na haki, mwanangu.

Kwa hiyo jana akaomba ruhusa kazini akaja. Alivaa nguo zake nzuri, akasimama mlangoni, hakuingia. Nikawaita wote, wa vitunguu, mtunza stoo, hata mlinzi. Nikasema, "Siku ya mahafali, nyanya nilitia mimi. Chumvi ya Mama Pacha haikuwa na kosa. Nilimwonea, na ninyi mliniona." Hakuna aliyecheka. Ukitaka, lisimulie somoni, na useme ni mimi.

Nilimwomba arudi kazini, akakataa. Alisema alipo sasa hakuna anayempigia kelele, na watoto wadogo wanamwimbia. Imeniuma, lakini si juu yangu kuamua.

Kabla hajaondoka aliingia jikoni, akafunua sufuria kubwa, akachota mchuzi kidogo kwa kijiko, akauonja. Maharage yalikuwa hayajafika hata nusu ya kuiva.

"Chumvi bado hamjatia," akasema.

Nikampa kopo la chumvi.

Mama yako