Maji Yaliyomo Ndani ya Chaki

Baba yangu, mwalimu wangu wa kwanza,

Mwangaluka, nakuamkia. Wewe ndiye uliyenizoesha kukusanya kazi hata nikiwa nimechelewa, maana ulikuwa ukisema karatasi tupu haisahihishiki. Basi leo nakusanya. Kuna jibu nililopaswa kukupa siku ile kwenye karakana ya chaki, nikanyamaza, na wewe umeondoka tangu mvua zilizopita bila kulisikia.

Unaikumbuka chumvi ya mama? Nilikuwa darasa la tatu, pale nyumbani Nkololo. Nilijikwaa nayo uani, ikamwagika yote mchangani. Mama akashika kiuno, nikajua siku hiyo nitakula mlenda usio na chumvi na maneno juu yake. Wewe ukatoka na daftari zako za kusahihisha, ukatazama, ukacheka. Ukaizoa chumvi pamoja na mchanga wake, ukatia maji, ukakoroga, ukachuja kwa kanga ya mama huku mwenyewe akilalamika kwamba bado mpya. Yale maji ukayaanika kwenye sinia juu ya banda la kuku. Kesho yake sinia lilikuwa limeota weupe. Mama akachovya kidole, akaramba, akakutazama.

"Kumbe ualimu una kazi," akasema.

Ukaniinamia. "Ng'wanone, mwanangu, chochote kilichochanganyika kinatenganishwa. Ni kungoja tu jua lifanye kazi yake." Nikasema wabeja, ile asante yetu ya Kisukuma ambayo kwako hata mtoto wa kunyonya alitakiwa kuitamka kabla ya kupewa uji. Nilikuamini kabisa, baba. Sikuacha hata nafasi ya swali.

Ndiyo maana niliharibu. Nilikuwa nasubiri chuo cha ualimu, nikapata kibarua hapa Bariadi kwenye karakana ndogo ya akina mama watengeneza chaki. Kazi yenyewe si ngumu: unga wa jasi, maji, koroga upesi, mimina kwenye kalibu, ngoja. Siku ya nne nikatia maji kwenye beseni zima kabla kalibu hazijapakwa mafuta. Kufumba na kufumbua, beseni limeganda. Ulikuwa unga wa mwisho, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Mama Kulwa, aliyenipokea kazini, akashika kichwa. Mimi nikajibu bila hata aibu: "Usijali, mama. Tutaukausha, tutautwanga, utarudi kuwa unga. Baba yangu ni mwalimu."

Jua letu unalijua. Tuliuanika siku tatu, tukautwanga kinuni, tukauchekecha mpaka ukawa laini kama poda. Tukachota kidogo, tukatia maji. Ukabaki uji. Kesho yake, bado uji. Mama Kulwa hakunigombeza, alisema tu, "Mpigie huyo baba yako mwalimu."

Ukaja na bodaboda, umevaa shati la kanisani. Ukausugua ule unga mkavu kati ya vidole, ukanusa. Kisha ukamuuliza Mama Kulwa jasi inatoka wapi. Akakwambia ni mawe, na kwamba kabla ya kuletwa kwetu huchomwa.

"Huchomwa kwa nini, kama ni mawe makavu?"

Ukaomba sufuria na moto.

Baba, nimeona mengi tangu hapo, lakini sijaona kitu kama kile. Unga uliokaa siku tatu juani, usio na hata tone, ulianza kuchemka. Ulitokota na kurukaruka kama uji, ilhali mkavu. Ukafunika sufuria, ukafunua, na chini ya mfuniko matone ya maji yakawa yananing'inia. Mama Kulwa alirudi nyuma akasema "Yesu!" Maji yalikuwa humo muda wote. Jua lilichukua yale yaliyochanganyika tu na jiwe, lakini kulikuwa na mengine yaliyokwisha kuwa jiwe, na hayo hayakulijali jua hata kidogo.

Unga ulipopoa ukatia maji kidogo kwenye kikombe cha plastiki, ukanipa nishike. Kikapata joto chenyewe mkononi mwangu, kisha kikaganda.

Hapo ndipo ukasema, mbele ya akina mama wote sita: "Nilikufundisha vibaya, ng'wanone. Kuna vitu vinachanganyika, na kuna vitu vinaungana vikawa kitu kingine. Miaka yote nimewafundisha watoto vibaya." Ukanitazama usoni.

Nami nikaangalia chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe, ambaye Nkololo nzima ilikuamkia kwa heshima, unakiri kosa mbele ya watu walioshika vijiko vya kukorogea! Nikasema, "Basi, baba, yaishe," nikaenda kuosha beseni. Hatukulizungumza tena. Ulipougua nilikaa kitandani pako siku nyingi, tukaongea habari za mahindi na za ng'ombe, na hilo sikuligusa.

Sasa sikia kilichonipata wiki hii. Nafundisha darasa la sita. Niligawa ubao katikati, michanganyiko upande huu, kampaundi upande ule. Kwa haraka zangu nikaandika kutu kwenye michanganyiko. Kuna binti anaitwa Kabula, anakaa nyuma, mfukoni hakosi sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Akasimama.

"Mwalimu, kama kutu ni chuma kilichochanganyika tu, mbona sumaku yangu haikichomoi hicho chuma? Misumari mchangani inaichomoa."

Alikuwa sahihi, na nilijua papo hapo. Nikamwambia, "Kaa chini. Nani kakuruhusu kuleta midoli darasani?" Darasa likacheka. Akairudisha sumaku mfukoni, akakaa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijichukia. Chuoni walinifundisha hata ile chumvi ya mama imetokana na nini, baba, na sikuwahi kukwambia: metali inayolipuka ikiguswa na maji, na gesi ya sumu. Vikaungana, vikawa kitu mama anachotia kwenye mlenda. Nilijua hayo yote, na bado nilimnyamazisha mtoto aliyeuliza swali lako mwenyewe, lile la jasi.

Asubuhi nikapitia kwa Mama Kulwa, nikaomba unga kidogo. Nikasimama mbele ya darasa. Shingo ilikuwa nzito, sikujua kama inakuwa nzito kiasi kile. "Jana niliwafundisha vibaya," nikasema. "Kabula alikuwa sahihi, na mimi nilimkosea." Nikajikuta natafuta kati ya zile nyuso walau moja isiyoangalia chini, na ndipo nilipoelewa ulikuwa unatafuta nini usoni mwangu.

Nikatia maji kwenye kikombe, nikakipitisha dawati kwa dawati. Walikishika kwa mikono miwili, wakipiga kelele kwamba kinapata joto, na kila mmoja akitaka kukirudia. Nikawaonyesha chaki niliyoshika, nikawaambia ndani yake mna maji. Wakaigusa, wakaikamua, wakabisha. Na mimi pia, baba, kila nikiandika ubaoni bado nashangaa kwamba nashika maji yasiyolowanisha hata kidole.

Kikombe kilifika kwa Kabula mwisho. Akakileta mwenyewe mbele, kimeshaganda, bado kina joto. Hapa darasani tunasema Kiswahili tu, lakini alinitazama usoni, akanikabidhi, akasema taratibu, "Wabeja, mwalimu."

Msibani waliniambia siku zitanikausha machozi. Mengi yamekauka kweli.

Nilikishika kile kikombe mpaka kengele ilipolia. Lile wabeja ndilo jibu lako, baba, nimelisikia kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nalikusanya leo, sahihisha utakavyo.

Wabeja, baba.

Binti yako,
aliyeangalia chini