Kukalia Vyombo vya Mjane

Mama Tabu,

Mume wa Bibiche amekufa leo alfajiri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, hali ya watoto wako, kabla hujauliza kama sisi wengine tumekula. Lile ini lililomsumbua tangu ulipokuwa hai ndilo limemmaliza. Ndugu zake wako njiani kutoka Kabambare na pikipiki zao, na mimi nawajua watu wale: wamesahau leso, lakini kamba za kufungia mizigo hawakusahau. Binti yako amemtuma jirani kwangu na maneno machache: "Umuambie Mama Feza, wamama wavae sare, wakuje kukaa."

Wakuje kukaa! Amethubutu, Mama. Bibiche wako amethubutu.

Sare yangu iko juu ya meza, nimeshaipiga pasi, na bado sijaivaa. Wamama wenzangu wako nje uani wananisubiri niseme neno, maana tangu uende mimi ndiye prezidanti wao, cheo nilichokuwa nikikitamani nilipokuona unakibeba, na ambacho leo ningempa mtu yeyote apitaye njiani. Nimewaambia nina barua ya kuandika. Wamedhani namwandikia pasta.

Wewe ndiye uliyetufundisha kazi hii. Kwenda vijijini na neno la Mungu, kufundisha mama mwenye mimba achemshe maji, kushona vijiguo vya vichanga, hayo wamama wa makanisa mengine pia wanayafanya. Lakini sisi, wamama wa misheni wa Kibatisti, Kasongo nzima ilitujua kwa kukaa. Mwanaume akifa, kabla hata mkeka wa matanga haujatandikwa, wewe ulishafika mlangoni na jeshi lako la vitenge vya aina moja. Huyu anakalia kitanda, yule anakalia gunia la mpunga, mwingine anakumbatia masufuria, na nyimbo zinaanza. Ndugu za marehemu wanabaki wamesimama mlangoni na mikono mitupu, maana nani atamwinua mama wa kanisa kwa nguvu mbele ya mtaa mzima? Na walipokuwa na kichwa kigumu sana, baada ya maziko tulibeba vitu wenyewe vichwani, tukavificha kwa mwenzetu hadi hasira ziishe, kisha tukavirudisha kwa mjane. "Mukae kwanza," ulikuwa unatuambia. "Kuomba mutaomba mukiwa mumekaa." Na mimi ulinichokoza mbele ya wote: "Feza, kula ugali, mwanangu. Na hii makalio yako utalinda nini? Kijiko?"

Nacheka peke yangu hapa. Halafu nakasirika tena.

Kuna jambo hukulijua, na sikutaka kulileta kaburini kwako na maua. Leo utalisikia lote. Mwanao Ramazani alikufa migodini Salamabila. Shimo la dhahabu liliporomoka akiwa ndani, wenzake wakamtoa, wakamleta nyumbani amefungwa ndani ya hema. Wewe ulikuwa umeshazikwa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na ilikuwa mara yangu ya mwisho kumshukuru kwa kifo chako.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa vijijini huko Kabambare na kazi yetu, mvua imekata barabara, hakuna pikipiki inayopita. Kwa hiyo haya niliambiwa, na niliyaamini kwa shida. Wa kwanza kufika nyumbani kwa Josefina, mkazamwana wako, walikuwa mawifi zake: Bibiche na mdogo wake Mwamini. Wamevaa sare. Bibiche akakaa juu ya godoro. Mwamini akakaa kwenye kigoda cha cherehani na kuweka mikono yote miwili juu ya cherehani yenyewe. Wakaanza wimbo wako ule wa kuvuka mto.

Wamama wengine walipofika wakakuta kazi imeshaanza. Wangefikiri nini? Wakajibana humo ndani, wakaitikia. Josefina alikuwa chini, kichwa kimenyolewa, na alipoona mawifi zake wamemkalia vyombo alitambaa akashika miguu ya Bibiche akamshukuru. Alimshukuru, Mama. Machozi yake yalilowesha vidole vya miguu vya yule mtoto wako, naye akaendelea kuimba.

Baada ya maziko Bibiche akasimama akasema wajomba wa marehemu wana maneno, afadhali vitu vifichwe kwake. Wamama wakabeba. Ndiyo, wamama wetu, mikono uliyoifundisha wewe, walibeba godoro, masufuria, mpunga na cherehani vichwani, wakapita mbele ya soko wakiimba. Mimi nilikutana nao nikishuka kwenye pikipiki, nimejaa tope hadi masikioni. Mama Ana, na uzee wake wote, alikuwa amebeba sufuria kubwa na uso unang'aa. "Feza," akaniambia, "vitu ya Josefina tumeokoa yote."

Siku chache baadaye Josefina akaenda kuchukua cherehani yake apate kushona. Bibiche alikuwa mlangoni anachambua mboga. Hakuinua hata kichwa. "Masini gani?" akamwambia. "Masini ya mama yetu haiwezi kulala kwa mutu wa inje."

Mtu wa nje! Aliyekupangusa ulipokuwa huwezi kugeuka kitandani, wakati binti zako walikuja wakiziba pua na kanga. Na cherehani ile ulimpa wewe mwenyewe, hapo kwenye kibaraza cha kanisa, sote tukiwa tumekaa. "Josefina, chukua masini," ulisema. "Wengine hapa wanajua kuvaa tu." Tulicheka sana. Bibiche hakucheka. Sikuja kukulaumu, lakini ulimi wako ulikuwa na wembe, Mama, na siku ile ulimkata mwanao mbele ya watu, ukaenda zako kula wali.

Nililileta jambo hili kwenye mkutano wetu wa Alhamisi. Unajua walijibu nini wale simba wako? Kwamba tukisema wazi, tutamvua Mama Tabu nguo kaburini. Kwamba ni mambo ya familia. Kwamba Josefina asamehe. Wakasimama kuomba, na aliyeongoza maombi alikuwa Bibiche. Jirani yetu Mama Zaituni, ambaye mumewe anaadhini pale msikitini, alinisimamisha njiani akaniuliza kwa sauti ya wote kusikia: "Nyinyi wa Baptiste, munaiba huku munaimba?"

Basi Josefina sasa anatwanga mpunga wa watu. Nyumba wamemwachia, maana paa linavuja. Wana wa Ramazani wanakula wanapokuta. Vichanga wa vijijini sasa tunawapelekea vitambaa vilivyokatwa tu, havikushonwa, na akina mama wanatuuliza fundi wetu amepatwa na nini. Kazi yako inaendelea, usihangaike. Tunakwenda, tunahubiri, tunarudi na miguu imevimba. Kule mbele ya mto kuna mama mmoja aliyekimbia vita na watoto mgongoni, yule uliyempa blanketi lako. Hakuwa amesikia kwamba umekufa. Alikuwa amekufugia kuku. Nilipomwambia alikaa chini, akalia, kisha akanikabidhi yule kuku: "Basi mupelekee mutoto wake." Nilimpelekea Josefina. Ukiona nilikosea, utaniambia tukionana.

Leo asubuhi, kabla ya kupiga pasi, nilipita kwa Josefina. Nilimkuta kwenye kinu. Nikamwambia shemeji yake amekufa na Bibiche anatuita. Alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile kikitoka kwa mtu mwenye meno mazuri. "Muache wabebe," akasema. "Yote. Hata ile sare muache wamuvue."

Nikamwambia cherehani iko mle ndani. Ndugu za mume hawatauliza ni ya nani. Watakachokikuta kwenye nyumba ya ndugu yao ni cha ndugu yao, wataifunga nyuma ya pikipiki na Kabambare itaimeza. Mchi ulisimama hewani. Kisha akaendelea kutwanga, nguvu zaidi kuliko mwanzo, na pumba zikanirukia usoni.

Sasa wewe niambie. Nisipokwenda, nimeua kazi yako kwa mkono wangu, maana kesho mjane mwingine atasema wamama wa misheni wanachagua. Nikienda, nawalindia wezi walichoiba. Nimekaa hapa nakuuliza kama mtu mwenye wazimu, na huko nje nasikia Mama Ana anakohoa ili nijue muda unakwenda. Nimekumiss, Mama. Nimekumiss hadi nakuchukia kidogo. Ungekuwa hapa ungeshafika kule zamani, umeshakaa, na mimi ningefuata nyuma yako bila kufikiri chochote, na nilikuwa na furaha hivyo.

Sawa. Navaa.

Nitakwenda, na wamama wote nitakwenda nao, na tutafika kabla ya pikipiki. Lakini sikia ahadi yangu, kwa kuwa wewe uliniamini: tutakaa kwenye cherehani tu. Mimi kwenye kigoda, mikono juu yake. Mama Ana mbele yangu, wengine wamenizunguka hadi ukutani. Kitanda, wabebe. Mpunga, wabebe. Godoro la Josefina nalo limeshalaliwa na mgonjwa, walichukue, Mungu awape usingizi. Bibiche atatuita. Atasema, "Mama Feza, na huku pia!" Atatambaa, labda, atashika miguu yangu, na nitamwacha aishike. Akiita jina lako sitageuka. Mtoto wako uliyemzaa kwa uchungu atabaki na kuta, mbele ya macho yangu, na nitakuwa naimba.

Tukimaliza maziko tutaibeba cherehani vichwani, tupite nayo mbele ya soko, mbele ya Mama Zaituni, hadi kwenye kinu cha Josefina.

Na Alhamisi, kama Bibiche atakuja mkutanoni na njaa, nitampa mchi atwange upande mmoja wa kinu, na Josefina upande mwingine. Kama hatakuja, shauri yake. Sikuahidi kumpenda.

Lala, Mama Tabu. Usiinuke kuja kutazama. Utalia, na mimi siwezi kukaa kitako nikikusikia unalia.

Mwanao wa kazi,
Feza