Bunduki ya Upepo ya Shemeji Maganga

Jumatatu, 6 Mei

Bunduki ya Maganga tena. Tangu asubuhi imebanwa kwenye jiriwa. Karakana imejaa watu na baiskeli zao mbovu, wote wanangoja, wote wanapiga domo. Mtaa mzima wa Ng'ambo mwenye haraka ni mimi peke yangu.

Chemba ya upepo nimeipanua kama shemeji alivyotaka. Sasa inameza pampu maradufu ya zamani. Ndege kwelea wamevamia majaruba yake ya mpunga kule mbugani, upande wa Nzega. Mpunga umeanza kukomaa. Bila bunduki ya maana watavuna makapi.

Nikaijaribu kwa sabuni, kama siku zote. Mche wa sabuni unasimamishwa juu ya kiti, risasi moja, kisha spoku ya baiskeli inaingizwa kwenye tundu kupima kina. Mashine ya kupima mwendo wa risasi sina, na sabuni haijawahi kuniangusha. Duka la jirani lilikuwa limefungwa, nikaagiza mche kutoka nyumbani.

Matokeo ni aibu. Kabla sijaigusa bunduki hii, tundu liliishia pingili ya kwanza ya kidole changu. Leo, kwa pampu maradufu, pingili ileile. Jasho mara mbili, nguvu ileile. Maana yake nusu nzima ya upepo inapotea njiani. Kwenye vali, nadhani. Ufanisi gani huo? Nilitukana mpaka wateja wakacheka.

Jumanne, 7 Mei

Vali nimeifungua, nimeisafisha, nimeirudisha. Sabuni ileile, tundu lilelile. Upuuzi.

Mdogo wangu Nyanzala, mke wa Maganga, amepiga simu akilia. Mumewe ana mwanamke Nzega mjini. Majirani wamewasikia yeye na mumewe wakigombana, na Maganga alisema atamwonyesha. Nimechukia. Nilitamani kuitupa bunduki yake mtaroni. Lakini mpunga ule ni wa Nyanzala pia, yeye ndiye anayeshinda juani kuulinda. Nimeifunga tu, nimeiweka pembeni.

Jumatano, 8 Mei

Maganga amekuja kuichukua. Shikamoo yake nimeiitikia kwa mdomo wa pembeni. Habari za Nzega sikuziuliza, ningempiga.

Nilimwambia ukweli kama nilivyoupima: bunduki haijaongezeka kitu, kazi yangu imekwenda bure, apige pampu zote labda atapata afadhali. Hakulalamika. Alichouliza ni kimoja. Wao hulinda wawili, yeye juu ya ulingo wa miti upande huu, mke wake juu ya ulingo wa upande wa pili, majaruba katikati. Kabla sijaipanua bunduki, risasi zilikuwa zinaanguka kwenye mpunga kabla ya kufika.

"Shemeji, Nyanzala anakaa kule ng'ambo. Haitamfika?"

"Haitamfika."

Akashukuru, akaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Simu imenikuta tunatoka kanisani. Nyanzala amepigwa risasi ya jicho. Bunduki ya Maganga.

Wamemleta hospitali hapa mjini kwa gari la kukodi. Nimemwona akishushwa. Uso umefungwa kanga, kanga imelowa damu. Aliponisikia akanishika mkono. Mimi ndiye niliyelia.

Maganga amekamatwa kulekule. Anasema alikuwa juu ya ulingo wake, alilenga ndege waliotua katikati. Mwongo. Nimefurahi kukamatwa kwake, naandika hivyo hivyo. Nimefurahi.

Jumatatu, 13 Mei

Polisi wamekuja karakanani na ile bunduki. Mpelelezi aliuliza swali moja la maana: mtu akipiga kutoka ulingo wa Maganga, risasi inaweza kufika ulingo wa mke wake na kutoboa jicho?

Nikasema haiwezi. Nikamweleza kuhusu sabuni, pingili, pampu, upepo unaopotea. Nikasema lazima alishuka, akamsogelea. Aliandika yote, nikatia sahihi. Bunduki ina kibali chake. Kuipanua hakuna aliyeniruhusu. Hilo hakuliuliza, nami nikanyamaza.

Ndugu zetu wote sasa wanasema alikusudia kuua. Ugomvi ulikuwepo, mwanamke yupo, na fundi amethibitisha. Fundi ni mimi.

Jumanne, 14 Mei

Jicho wamelitoa.

Alhamisi, 16 Mei

Siwezi kushika kazi. Nimebaki nyumbani, mtaa wa Chemchem.

Mama Kulwa, mke wangu, alikuwa anafua uani. Akaanza kunung'unika kwamba ule mche niliourudisha nimemharibia, una matundu, maji yanaingia ndani. Halafu akasema, kama anaongea na beseni, kwamba angejua ni wa kuchezea bunduki asingenipa ule uliokauka vizuri.

Nikasimama.

Najua tabia yake, wanawake wote wa mtaa huu wanayo. Akinunua katoni ya sabuni huivunja, akaipanga miche juu ya kabati mwezi mzima ikauke, maana mbichi huisha upesi. Kwa macho ni ileile. Nikaipiga ukucha, ukateleza. Ngumu. Mimi siku zote napimia sabuni mbichi ya dukani.

Nikaenda karakanani Ng'ambo mbio. Nikanunua mche mpya, nikachukua bunduki ya mteja mwingine, nikapiga wa dukani, kisha wa kabatini. Pampu zilezile, risasi ya aina ileile. Kwenye mbichi spoku ilizama mara mbili ya ilivyozama kwenye kavu. Nikarudia. Hivyo hivyo.

Hakuna upepo uliokuwa unapotea. Vali ilikuwa nzima. Pampu maradufu zilikuwa zinatoa nguvu maradufu, nami nikampa mtu bunduki hiyo nikimwambia haijaongezeka kitu, apige pampu zote.

Mama Kulwa sijamwambia. Yeye hana kosa, sabuni ni ya kufulia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimewaza vibaya. Nimewaza kwamba hakuna anayejua. Maganga ni malaya, acha akae ndani. Karakana watafunga, watoto wangu watakula nini? Nimewaza haya tangu asubuhi, nayaandika ili nisije nikajidai mwema.

Mchana nimekwenda hospitali. Nimemweleza Nyanzala yote, wodi nzima inasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, kwa sababu ya maumivu:

"Nilimwona, kaka. Alikuwa juu ya ulingo wake. Hakushuka."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ulishasema haifiki. Nikajua ni jicho langu lililokosea."

Amenifuata tangu mdogo. Baba alipofariki mimi ndiye niliyekuwa nasema, yeye anaitikia. Jicho lake mwenyewe lilimwonyesha ukweli, akalikataa kwa ajili yangu, na jicho hilo limeshazikwa sijui wapi.

Jumamosi, 18 Mei

Polisi. Nimekwenda na miche miwili kwenye mfuko wa plastiki. Askari wa kaunta alidhani nimeleta sabuni kwa ndugu yangu mahabusu, akataka kuipokea.

Mpelelezi hakucheka. Alitaka aone, tukapiga nyuma ya kituo, mche mmoja, kisha mwingine. Halafu bunduki ya Maganga yenyewe kwenye ule mbichi. Risasi ilipita ikatokea upande wa pili. Akaniuliza kama najua nimeongopa kwenye maelezo ya kwanza. Nikasema sikuongopa, nilikosea. Akasema hilo ataamua mwingine. Nyanzala pia wamekwenda kumwandikisha palepale kitandani.

Karakana imefungwa kwa kufuli lao. Natakiwa kuripoti kila Jumatatu. Mama Kulwa nimemwambia, hakuniuliza tutakula nini. Alikaa jikoni, akalia peke yake.

Alhamisi, 23 Mei

Maganga ametoka. Amekonda, ndevu zimemjaa. Kwelea wamemaliza mpunga wote, ndivyo alivyoambiwa njiani.

Alikuja wodini moja kwa moja. Nilikuwa nimekaa karibu na kitanda. Shikamoo hakunipa, wala sikuingoja. Alisimama upande wa bandeji, akamwambia mkewe kwamba amekuja. Nyanzala akanyoosha mkono, ukapapasa hewani, haukumpata.

"Hapo sikuoni," akasema. "Zunguka huku."

Upande ule kulikuwa na kiti kimoja, na nilikuwa nimekikalia mimi. Nikanyanyuka. Maganga akakaa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi na watu wengine waliokuwa wanasubiri wagonjwa wao.